Damu ya Zaina Ilikuwa Inacheza

Papa Ramazani,

Nilifika Kasongo siku mbili baada ya wewe kuzikwa. Nataka ujue hilo kwanza, kwa maana ulikuwa mtu wa kukumbuka nani alikuja kwenye kilio na nani hakuonekana. Habari ilinikuta huku kazini Lusangi asubuhi, kwa simu ya mke wako, Mama Aziza. Mvua ilikuwa imekata barabara upande wa Kabambare. Pikipiki ilizama matope mpaka kwenye ekzosi, tukaivuta kwa kamba, ikazama tena. Nanyi Waislamu hamngojei watu. Ulishalala ardhini kabla mimi sijavuka hata mto wa kwanza.

Mama Aziza alinipokea mlangoni. Akaangalia sketi yangu iliyojaa udongo, akasema, "Feza, mutoto wangu, oga kwanza. Utalia kisha." Nikaoga. Nikalia kisha.

Sasa imepita miezi minane. Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nilipokaa na karatasi, maneno yalitoka kama hotuba ya serikali, na wewe hotuba ulikuwa huzipendi. Leo nina habari. Ni habari nzuri, Papa, ila katikati kuna kosa langu, na sitalificha.

Unakumbuka ile labo yetu ya kupima damu pale Kasongo? Dirisha moja, meza moja, na wewe na vidole vyako vya zambarau. Ile rangi ya kupaka vioo vya damu haikutoka kwako hata kwa sabuni ya kufulia. Siku za Ijumaa wenzako wa msikitini walikuuliza, "Ramazani, umepiga kura tena?" Na wewe ukajibu kwamba ndiyo, umepiga, na umechagua chakula cha mchana. Vitambaa vya kufutia lenzi ulikata kwenye vitenge vya Mama Aziza, kwa siri, upande wa pindo, ukidhani haoni. Alikuwa anaona. Aliniambia mwenyewe siku ile ya kilio, akanionyesha kitenge kimoja kilichobaki kama shuka ya mtoto, na tukacheka sisi wawili mpaka wageni wakageuka kutuangalia.

Lakini zaidi ya hayo yote nakumbuka siku ya muuza samaki.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu pale kwako. Mtu yule alikuja kutoka upande wa Lualaba, anatetemeka, anasema kichwa kinapasuka. Nikachukua damu, nikaangalia, nikaona kitu chembamba kimejikunja katikati ya chembe nyekundu, kama waya wa kalamu ya biki uliovutwa. Nikakuita. Ukainama kidogo tu, ukasema, "Ni uzi wa pamba, Feza. Haukufuta kioo muzuri." Nikakiweka kioo pembeni. Wewe ulianza kuangalia damu za watu kabla mama yangu hajaolewa.

Muuza samaki akapewa dawa ya malaria, akaenda. Wiki iliyofuata akarudi, amelala juu ya kiti cha baiskeli, ndugu yake anasukuma. Safari ile ulichukua damu wewe mwenyewe. Uliangalia muda mrefu. Kisha ukavua miwani, ukatoka nje, ukawaita wote: wauguzi, daktari, hata mama wa kufagia. Nilidhani unataka kunifukuza. Ukasema mbele yao, na mgonjwa akiwa pale pale kwenye benchi, "Huyu mutoto aliona kimputu. Mimi nikasema ni uzi. Yeye aliona, mimi nilikosa." Halafu ukamgeukia muuza samaki. "Baba, unisamehe." Naye, meno yakigongana kwa baridi ya homa, akasema, "Nipe kwanza dawa, kusamehe tutaongea kisha."

Mpaka leo sijaona mkubwa mwingine akifanya vile. Kila mtu alirudi kazini. Mimi nilienda nyuma ya choo nikakaa juu ya tofali, na sikujua kama nina furaha au nina hofu.

Baada ya siku ile ndipo ulinifundisha kimputu, homa ya papasi, kwa kweli. Ulinipeleka kwenye nyumba ya udongo iliyoachwa, ukachimba ufa chini ya ukuta kwa kisu, ukanionyesha wale papasi, wamebapa, rangi ya vumbi, hawana haraka. Ukaniambia kwamba wanangoja mtu alale, wanatoka, wanakunywa damu, na kabla mtu hajajigeuza wameshaingia tena ndani ya ufa. Mtu hajui kama ameumwa. Homa inakuja na nguvu, inamwangusha siku tatu, nne, halafu inaenda zake. Anasema amepona. Analima, anacheka, kisha wiki haijaisha homa imerudi. "Malaria na kimputu zinavaa nguo moja," ulisema. "Usimuulize mutu tu anaumwa wapi. Muulize analala wapi."

Sasa sikiliza kilichotokea Lusangi.

Kituo chetu cha afya ni kidogo, lakini mikroskopi ipo. Ni ya kioo cha kumulika kwa jua, kwa hiyo mawingu yakija labo inafungwa kama duka la mtu aliyefiwa. Mkuu wa kituo ni Papa Mulonda, ambaye sisi wote tunamwita Tituleri. Ni mtu mzuri, mchapa kazi, anapenda karatasi zake ziwe sawa. Mkunga ni Mama Riziki, mimi ni labo, basi. Wagonjwa wetu ni wakulima na watu wa machimbo ya dhahabu.

Katika mwezi wa mwisho wa mvua alikuja mwanamke mmoja, Zaina, mimba ya miezi saba. Alikuja kwa miguu yake, polepole, ameshika mgongo. Mimba yake ya kwanza ilitoka mwaka uliotangulia, pia kwa homa. Alikuwa ametibiwa malaria mara mbili tangu mimba hii ianze kuonekana. Siku ile hakuwa na joto mwilini. Tituleri akamfanyia kipimo cha haraka, kikatoa mistari miwili. Nami nikaangalia damu yake kwenye kioo, sikuona malaria, sikuona kitu chochote, nikaandika: hakuna. Tituleri akasema, "Kipimo kina mistari mbili, Feza. Mistari mbili ni malaria." Akampa dawa ya malaria mara ya tatu. Zaina akaenda.

Papa, nilikuwa na vioo kumi na viwili juu ya meza na mawingu yalikuwa yanakuja. Hiyo si sababu, nakuambia tu jinsi ilivyokuwa. Alipokuwa anafunga kitambaa chake kichwani, Zaina alisema kitu, si kwangu hasa, kama mtu anayejisemea: "Hii homa inanipa ruhusa siku tano, sita, kisha inarudi kunitafuta." Nilisikia. Masikio yalisikia. Jioni, nikiwa nyumbani nachagua mchele, mkono wangu ukasimama ndani ya ungo. Inanipa ruhusa siku tano, sita. Na mimi sikumuuliza analala wapi.

Asubuhi nikamwendea Tituleri. Nikamwambia kwamba kile kipimo cha haraka kinakumbuka malaria hata baada ya kupona, kinaweza kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa, na kwamba siku tuliyochukua damu homa ilikuwa imelala, na kimputu homa ikilala hakionekani kirahisi kwenye kioo. Akakunja uso. "Unataka kusema nilimutibu bure?" Nikamwambia, "Nataka kusema niliandika hakuna, na sijui kama ni kweli." Aliniangalia, akafungua droo, akanipa karatasi ya ruhusa ya kutoka na sindano za kutoboa kidole.

Nilingoja siku nne, mpaka homa yake irudi, nikiihesabu kama mtu anayehesabu siku za soko. Siku ya tano nilipanda pikipiki. Kijiji chao kiko nyuma ya machimbo, njia yenyewe ni mawe na mizizi.

Nilimkuta amelala juu ya mkeka, chini, anawaka. Mume wake, Salumu, alikuwa amemshika miguu. Na mlangoni alikuwa amekaa mama mkwe, Mama Sakina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Hakunipa kiti. "Mulimupa dawa mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Sasa mara ya ine umekuja kumupima ao kumumaliza? Mujukuu wangu wa kwanza alienda hivi hivi."

Nikachuchumaa mbele yake. Nikasema, "Mama, nilikosa. Sikumuuliza mutoto wako neno moja nililopaswa kumuuliza. Nimekuja kwa sababu hiyo." Akavuta miguu kutoka mlangoni, nikapita. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

Nikauliza analala wapi. Pale pale, chini, juu ya mkeka. Na nyumba ni ya nani? Ni ya mjomba wa Salumu, aliyekufa. Ilikaa imefungwa miaka, wao walihamia wakati Salumu alipoanza kuchimba, kabla ya ile mimba ya kwanza. Mama Sakina yeye analala nyumba nyingine, juu ya kitanda, na hana homa. Papa, nilikuwa nakusikia umesimama nyuma yangu. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba papasi wale wanaweza kungoja mtu miaka bila kula.

Nikaomba panga na beseni jeupe. Nikachimba ufa mahali mkeka unapogusa ukuta, nikamwaga udongo ndani ya beseni, nikaliweka juani. Mama Sakina akasema, "Ni udongo." Nikamwambia angoje. Tukangoja sote, tumeinama juu ya beseni kama watu wanaoangalia dhahabu. Kwanza hakuna kilichosogea. Kisha vipande vitatu vya vumbi vikatoa miguu, vikaanza kutembea.

"Yesu na Mtume!" akasema Mama Sakina, ambaye ni Mwislamu, lakini nadhani alitaka msaada wa kila upande. Akaingia ndani mwenyewe, akamshika mkwewe mkono. "Inuka. Hautalala humu tena hata dakika."

Tulimpandisha pikipiki, dereva mbele, Zaina katikati, mimi nyuma nikimzuia asianguke. Joto lake lilipita kwenye blauzi yangu kama pasi. Kila jiwe aliguna, na kila alipoguna nilimwambia dereva kama mtu anayembembeleza kaka yake, "Polepole, Yaya," naye akajibu, "Nikienda polepole zaidi tutakuwa tumesimama."

Kituoni nikachukua tone la damu, nikaliweka kwenye kioo likiwa bichi, bila kupaka rangi, jinsi ulivyokuwa unapenda. Na hapo wingu likaja. Papa! Nilisimama dirishani na kioo mkononi, namwomba Mungu wa Wakatoliki na wa kwenu pia. Lilipopita, nikainama.

Damu yake ilikuwa inacheza. Chembe nyekundu zilikuwa zinasukumwa, moja huku, moja kule, kama watu sokoni mtu anapopita na mzigo. Nikakaza jicho, nikaona wenye mzigo wenyewe: wembamba, wamejikunja mara nyingi, wanajizungusha, wanaingia na kutoka. Niliwahesabu mpaka nikaacha.

Nikamwita Tituleri. Aliinama akakaa pale muda mrefu, mpaka nikadhani haoni. Aliponyanyuka alikwenda moja kwa moja kwenye rejista, akatafuta jina la Zaina, akapiga mstari juu ya malaria, akaandika neno sahihi kwa mkono wake. "Nimeona," alisema. Hilo tu. Kwake yeye ni hotuba.

Kabla ya dawa niliita familia. Ulisema mara mia: mwambie mgonjwa kabla, usingoje baadaye. Nikawaambia, tutampa dawa ya kimputu, ile isiyodhuru mimba, na baada ya saa moja au mbili atatetemeka kuliko alivyotetemeka nyumbani. Wadudu walio ndani ya damu wanakufa wote kwa mara moja, na mwili unalia. Msikimbie, msiseme tumemuua. Tutakaa naye.

Na ilikuwa hivyo. Saa nane mchana alianza kutetemeka mpaka kitanda cha chuma kikaanza kuimba. Salumu akatoka nje, akarudi, akatoka. Joto likapanda, midomo ikakauka, tumbo likakaza. Hapo nilipoteza moyo kidogo, Papa, nakiri. Mama Riziki aliweka ile pembe yake ya mti ya kusikilizia mtoto juu ya tumbo, akafunga macho, akainua kidole kimoja ili watu wanyamaze. Tukanyamaza wote, hata kuku wa nje walinyamaza, au mimi ndiye sikuwasikia tena. Akasikiliza. Kidole kikaanza kupiga hewani, tiki, tiki, tiki, haraka, lakini sawasawa. "Iko," akasema. "Mutoto iko."

Tuliweka maji mshipani, tukamfuta kwa vitambaa vyenye maji. Mama Sakina ndiye aliyefuta zaidi, bila kupumzika, huku anamtukana kimputu kwa Kibangubangu, matusi ambayo sitayaandika kwa mtu aliye mbele za Mungu. Kabla jua halijazama jasho lilimtoka Zaina kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Tumbo likalegea. Akafungua macho akauliza kama kuna wali. Wali na sombe ya majani ya muhogo. Mama Sakina akaenda kuupika, analia njia nzima, na yeye akidhani haonekani.

Homa haikurudi. Tulihesabu siku tano, sita, kumi, ishirini. Mtoto alizaliwa wakati wake, wa kike, mwenye hasira. Tulichukua tone la damu kwenye kisigino chake, maana nakumbuka ulivyosema kimputu hupita kutoka kwa mama. Niliangalia kioo kile kuanzia pembe mpaka pembe, mara mbili. Hakikuwa na kitu, na safari hii nilipoandika hakuna, nilijua ninachoandika. Mama Sakina alitangaza kwamba mtoto ataitwa Sakina, na hakuna aliyethubutu kupendekeza jina lingine.

Nyumba ile wameiacha. Salumu alijenga nyingine, akapiga sakafu ikawa ngumu, akatengeneza vitanda vya miti vya urefu wa goti, vimekaa mbali na ukuta. Watu wa machimbo walimcheka kwamba analala kama chifu. Sasa wengi wao wanalala kama machifu. Tangu wakati huo tumewapata wengine wenye homa ile, wanaume wanne na msichana mmoja, wote wa nyumba za upande ule, wote walikuwa wameshakula dawa za malaria mpaka masikio yanavuma. Wamepona. Kwenye rejista Tituleri amechora safu mpya kwa rula, iliyonyooka kuliko barabara yoyote ya Maniema: mahali pa kulala. Anauliza yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa, na wanawake wengine wanaona aibu, wanadhani anataka jambo lingine. Ilibidi Mama Riziki amfundishe kuuliza vizuri.

Kwa hiyo unaona, mimi niko sawa. Kuna siku nataka kukuita, "Papa, kuja uone," na mdomo unafunguka kabla sijakumbuka. Ilinitokea siku ya Zaina. Nilinyanyua kichwa kutoka kwenye mikroskopi nikageuka kulia, upande ulikokuwa unakaa. Pale pana ndoo tu. Niliumia. Lakini ndani ya kuumia kulikuwa na kitu kingine, kama kushiba.

Mama Aziza ni mzima. Magoti yanamsumbua kidogo. Nilimtumia kitenge kizima kwa mtu aliyekuwa anashuka Kasongo, nikamwandikia kwamba hiki hakuna mtu wa kukikata. Alinipigia simu, akasema nyumba imekuwa na vitenge vizima mno, haipendezi.

Sasa nikuage. Wewe ulisali kwako na mimi nasali kwangu, lakini naamini huko uliko hawakutenganishi na watu wako kwa milango. Pumzika, Papa Ramazani. Mungu akupe nafasi pana na mwanga mwingi.

Siwezi kukuahidi kwamba sitakosa tena. Wewe mwenyewe ungenicheka. Nakuahidi kwamba siku nitakapojua nimekosa, sitangoja mgonjwa arudi. Nitavaa viatu nimfuate, awe Kabambare, awe nyuma ya machimbo, nikae chini mbele ya watu wake, na niseme kwamba nilikosa.

Mwanao wa labo,
Feza